Aya Isiyokuwamo

…haimo, mzee Nthiwa afunue mpaka karatasi ziishe, alambe kidole mpaka mate yakauke, hataipata kwa manabii wakubwa wala kwa manabii wadogo, kwa sababu aliyesema maneno hayo hakuwa nabii, alikuwa kiumbe kutoka nyota nyingine, ameshonewa nguo ya godoro na kupakwa rangi ya kijani, na kila neno alilotamka niliandika mimi, mimi Muthoki niliyekaa benchi la pili na kitambaa cheupe kichwani, mwalimu wa watoto wa Jumapili, mama wa kanisa, nikijifanya natafuta pamoja na wengine… funua, Muthoki, funua na wewe, usikae hivyo na mikono mapajani watu wakauliza mbona hutafuti… na Pasta Gedion pale mbele bado anatabasamu, kijana wa watu, anasema, "Wapendwa, tusiwe na haraka, Neno liko, mwenye amepata asome kwa sauti," naye mwenyewe anafunua, jasho limeanza kumtoka shingoni, hana shaka kwamba liko, amelisikia tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, ila hakumbuki kitabu gani wala sura ya ngapi, na Nthiwa amekaza midomo yake ile, yeye hatafuti ili apate, anatafuta ili akose.

Nalikuja kuwanyang'anya maji, nanyi mkanipa ninywe kwanza. Ndiyo hiyo. Pasta ametuambia tuseme pamoja naye, tukasema, kanisa zima, tukarudia, akasema wanaume peke yao, akasema kina mama peke yao, na mke wa Nthiwa akatoa leso akajifuta macho, na mimi… Mungu anisamehe, mimi nilisikia raha, niseme tu humu ndani ya kichwa ambamo hakuna anayenisikia, moyo ulinicheza, nikasikiliza maneno yangu yakitoka kwa watu wote hawa wa Kibwezi, wauza nyanya, waendesha boda, mama wa kuku, nikasikia mahali pa kupumzika kwenye ile sentensi, baada ya maji, nikakumbuka nilivyoihangaikia sehemu hiyo, na kitu cha kwanza nilichowaza hapa nyumbani mwa Bwana kilikuwa, nimefanya kazi nzuri… aibu gani hii, mwanamke wa umri wangu, magoti hayataki hata kukunjika, na bado nina njaa ya kupigiwa makofi. Halafu ndipo nikagutuka, nikaelewa kinachoendelea, kwamba wanaisema kama Neno la Mungu, kwamba aliyesimama madhabahuni anawalisha watu wake kitu nilichopika mimi kwa taipureta na chai ya studio ya televisheni, na ninajua, nimewafundisha watoto mimi mwenyewe, yule anayeongeza kitu kwenye Maandiko ameandikiwa nini.

Na si aya ya kusema amina tukaenda kula githeri, hapana, kuna mtu anaingoja. Gabow yuko pale nyuma karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki, amealikwa na Pasta, maskini alivua viatu nje kama anavyofanya kwao msikitini na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia huku havivuliwi, sasa amekaa na soksi, moja ina tundu, na vijana wa kwaya wakaichekea, na mkewe Kinsi amekataa kuingia, amekaa nje ukutani chini ya dirisha na mitungi mitupu na mtoto, namwona ushungi tu, mto umekauka mpaka tope limepasuka, wamekuja na mifugo kutoka kaskazini mwezi uliopita na hawana pa kuchota, na wanachoomba ni kuchota kwenye kisima cha kanisa, asubuhi, baada ya washirika kumaliza, hicho tu, na baada ya mahubiri tunapiga kura kwa mikono kama wapewe au wasipewe, na kabla ya Pasta kuleta hii aya kila mtu alijua kura inakwendaje, walikuwa wasipewe, ilikwisha, ilikuwa imepangwa kuanzia sokoni. Kisha akasema hayo maneno na nikaona mabega yakilegea benchi baada ya benchi. Mpaka Nthiwa akasimama, "Pasta, mimi sibishani, lakini hiyo ni kitabu gani? Utuambie tusome wote. Sisi ni watu wa Neno, sio watu wa kuambiwa tu." Na ana haki, hilo ndilo linaloniuma, kwa hili tu mzee Nthiwa ana haki kabisa.

Mkono kwenye kiwiko, Yvonne huyu, mjukuu wangu, amekuja likizo kutoka chuo na simu yake haishuki hata wakati wa maombi, ananinong'onezea, "Susu, nimeisearch. Haiko kwa Maandiko, iko YouTube. Cheki," ananisukumia simu chini ya kanga yangu na mimi naangalia, nafanya nini sasa, naangalia, na huyo hapo, godoro langu la kijani, anatembea kama bata kwa sababu miguu ilishonwa ikawa mifupi, na yule mama mzee anayemnyooshea kibuyu, hakuwa mwigizaji, alikuwa mpishi wa kantini pale studio, nilimwomba mwenyewe, nikamwambia, mama, usiigize, mpe tu maji kama ungempa mtu… picha imefifia, rangi zimekimbia, lakini mkono wake hautetemeki. Nyota Kavu. Watu wazima leo wakilitaja jina hilo wanakuwa watoto, gazeti lilisema hakuna kipindi cha mambo ya nyota na anga kilichopendwa nchi hii kama hicho, na mwisho wa ile video maandishi meupe yanapanda polepole, hadithi na uongozaji ni Kiilu, basi, Kiilu peke yake, na chini watu wameandika, hekima ya Kiilu, Kiilu alitutangulia, na Yvonne naye, "Huyu Kiilu alikuwa genius, Susu, ona alivyoandika kama Maandiko," na mimi namwambia, "Zima, tuko kanisani."

Zima. Ndiyo, hilo ndilo nililoweza kusema. Si zima, mimi ndiye. Hata huyu wa damu yangu hajui, anajua nilikuwa karani Nairobi, wizara fulani, ndivyo nilivyosema na ndivyo walivyoamini, maana nilipookoka kulikuwa na mhubiri kwenye hema aliyesema viumbe wale wa nyota ni mapepo yameingizwa majumbani kwa njia ya televisheni, na hema zima likasema amina, na yangu ilisikika kuliko zote… nilikuwa naogopa wasije wakajua, mwenye kuogopa hupiga kelele. Kiilu hakuniibia, tusitie chumvi, Kiilu alikuwa mtu wa watu, alikuwa na wazo la chombo cha angani na nyota na sauti ile nzito ya kuanzia kipindi, lakini kwenye karatasi zake wageni walikuwa wanafika kuiba maji ya dunia na kulipuliwa wote kabla ya matangazo, na mimi nilikuwa mtayarishaji, nikamwambia baruti ya kulipua chombo hatuna na hatutapewa, nikamwambia tena, kwetu Migwani mtu akifika uani hata kama sura yake huipendi humwulizi shida yake kabla hajanywa, akacheka, akasema andika basi tuone, nikaandika usiku ule ule kwa Kiswahili kile cha zamani ambacho mama alitusomea jioni, kwa sababu nilitaka kiumbe wa kijani aongee kama mtu mwenye adabu, na kuanzia hapo ikawa sheria, waandishi wote waliokuja nyuma walikuta imebandikwa mlangoni, mgeni anywe kwanza, kila sehemu, hata wale wageni wabaya, hata yule mwenye vichwa viwili tuliyempa vikombe viwili, na ndiyo sababu watu walikipenda, siyo chombo cha mabati, wala taa za Krismasi tulizozungusha dirishani tukaziita nyota. Watoto mtaani walikuwa wakicheza wageni wa nyota wanapeana maji kwenye vifuniko vya soda. Nilipita nikawaona. Jina langu, Kiilu alisema tutaliweka wiki ijayo, mwandika maandishi leo amebanwa, na wiki ijayo ikawa na wiki yake ijayo, na mimi sikuuliza mara ya pili, niliona haya kuuliza, mtu unaombaje jina lako.

"Mama yangu," anasema Pasta Gedion, ameacha kufunua, sauti imemshuka, "mama yangu alikuwa akisema haya maneno kila mtu akipita kwetu na ng'ombe. Wachungaji, wafanyabiashara, hata wenye hatuelewani lugha. Alikuwa amefanya kazi ya nyumba Nairobi, akarudi na haya maneno. Nilijua ni Neno. Wazee wangu, mimi nimekua nikijua ni Neno." Na hapo ninamwona, sijawahi kukutana na mama huyo na ninamwona kama aliye mbele yangu, msichana wa kazi, mabosi wamekaa kwenye makochi na televisheni yao, na yeye amesimama mlango wa jikoni na sahani ambayo haijaisha kufutwa, anaangalia kwa upande ili asionekane ameacha kazi, na yule mpishi wangu ananyoosha kibuyu, na yeye anachukua maneno, anayafunga kwenye pindo la kanga, anarudi nayo huku ukame, na anayatumia. Anayatumia! Si kuyasema kwa sauti nzuri. Mtu na ng'ombe wake anapita, mama anatoa maji. Hakumjua Kiilu wala Muthoki. Alimlea mtoto kwa hayo, na mtoto amekuwa huyu anayetoka jasho madhabahuni kwa ajili ya soksi iliyotoboka ya Gabow… nilitaka jina kwenye televisheni, lo, na haya yote yalikuwa yanatokea.

Naweza kumwokoa. Nisimame nimpe nyingine, ninazo, mwalimu wa Jumapili atakosaje, za wageni, za kiu, za mjane aliyegawana kidogo chake, zipo tele na hizo zimo kweli, lakini Nthiwa amezisikia zote tangu akivaa kaptura na hazijamtoa hata kikombe kimoja, anazijua kwa moyo, zinampita. Hii imewapata kwa sababu hawakuwa na ngao yake. Au ninyamaze, kunyamaza ni rahisi, nimenyamaza maisha yangu yote, Nthiwa atafika mwisho, Pasta atasema tutatafuta nyumbani, kura ipigwe, labda wataona haya kukataa mbele ya leso ya mke wa Nthiwa, Kinsi achote, mtoto anywe, na watu hawa wabaki na aya ya uongo iliyozaa jambo la kweli… mpaka wiki ijayo Yvonne, ama Yvonne mwingine, aitume kwenye lile kundi la simu la kanisa, na wamcheke Pasta kutoka hapa mpaka Kikima kwao, na mzee Nthiwa aseme, mliona, mlidanganywa mkatoa maji. Au nisimame niseme, haimo, niliandika mimi. Na hapo angalia, Muthoki, jiangalie vizuri, kwa nini hiyo ya tatu ina utamu mdomoni? Ukweli hauna utamu namna hiyo. Ni lile jina. Unataka kusimama mbele ya watu na kusema mimi ndiye, na Yvonne akuangalie kama anavyoiangalia simu yake, na ukishapata hilo kura ianguke, Nthiwa afunge kitabu, Gabow avae viatu vyake aondoke na mitungi mitupu, na wewe urudi nyumbani ukiwa umeheshimika. Unaweza kufanya hivyo. Ungeweza. Naona haya hata kukaa ndani ya ngozi hii.

Na bado hilo si lenyewe. Lenyewe nimelizunguka tangu tuanze kufunua, kama mtu anayefagia akiruka pale penye nyoka. Jumatano Nthiwa alinipitia nyumbani, akasimama kwenye ua akaangalia shamba langu la ndengu jinsi ngamia wa Gabow walivyolilaza, shina kwa shina, ndengu zilizokuwa zimebakiza siku chache nivune, akasema, "Mwaitu, mama yetu, umeona. Tukiwapa maji hawaondoki. Jumapili mkono wako uko wapi?" Na nikasema, "Uko na wewe, mzee." Sikufikiri hata kidogo. Nilisema nikakusanya ndengu zilizoponea kwenye ungo. Asubuhi hii nimevaa kitambaa hiki nikaja kumnyima maji mwanamke aliyekaa nje ya dirisha, na nilikuwa nimetulia, nililala vizuri, na wakati Pasta aliposema ile aya niliyoiandika mwenyewe, niliisikia kama fundi anavyosikia redio yake ikilia, nikafurahia sauti, na mkono wangu ulikuwa bado na Nthiwa. Nikiwa nayasema! Kina mama peke yao, nikasema nao, nanyi mkanipa ninywe kwanza, kwa sauti, na sikukumbuka kwamba nina kura. Mama wa Pasta alisikia mara moja mlangoni mwa jikoni, mkononi sahani, akaamini. Mimi niliyaandika na sikuyaamini, hapo ndipo palipo aibu, niliyaandika kwa sababu yalikuwa mazuri, kwa sababu baruti hakuna, kwa sababu Kiilu alicheka na nikataka kumwonyesha. Nilimwambia mpishi asiigize, na mimi ndiye nimeigiza hadi leo.

"Mwalimu Muthoki." Ni Pasta. Nilijua atanifikia. "Mwalimu, wewe ndiye umefundisha watoto wetu wote aya za kukariri. Tusaidie. Iko wapi?" Na vichwa vinageuka, kwanza vya mbele, halafu vya kando, Yvonne naye, na Gabow kule nyuma ameinua uso, haelewi tunatafuta nini kwenye vitabu vyetu muda wote huu, anajua tu kwamba maji yake yamo humo mahali fulani na hatuyaoni, na ananiangalia mimi kwa sababu wote wananiangalia, bila chuki, ngamia wake wamekula ndengu zangu na labda hata hajui ni zangu, sikumwambia, nilimwahidi Nthiwa mkono wangu, na kwa mwenye ngamia sikwenda. Zinasikika karatasi za Nthiwa tu, fwa, fwa, na kitu kimoja kimenijia kwa utulivu kabisa, kwamba nimekuwa nikiwaza niseme ukweli au niwape maji, kama vile ni vitu viwili na lazima niue kimoja, kumbe vimegombana kwa sababu nilikuwa nataka kusema nusu. Haimo, niliandika mimi, hiyo ni nusu, hiyo ndiyo yenye utamu, hiyo ndiyo inayomuua Gabow. Nusu iliyobaki haina utamu wowote. Nusu iliyobaki ni ndengu na Jumatano na mkono nilioahidi, ni kwamba mtu anaweza kuandika maneno yanayowaliza watu na yeye mwenyewe akaja na moyo mkavu kuyapigia kura ya hapana, na mwanamke wa kazi za nyumbani aliyeyaiba kwa macho akawa na haki nayo kuliko mimi, na kama ni aya au si aya, mama wa Pasta aliwapa watu maji na hakuna aliyemuuliza sura ya ngapi. Wakisikia hilo na bado wakanyima, basi wanyime kwa hiari yao, wasinyime kwa kukosa ukurasa. Na watanicheka, watacheka sana, mabati na godoro, mama wa kanisa na mapepo yake ya kijani, watoto wangu wa Jumapili watanipa jina ambalo nitazikwa nalo, na watanitoa kufundisha, hilo nalo nalijua, na nalipenda lile darasa kuliko kitu chochote nilicho nacho. Naona haya tayari, uso unawaka, masikio yanawaka, na hayaniui. Miaka yote nimetaka jina langu liwekwe chini ya maneno yale, haya, leo litawekwa, litawekwa na mimi mwenyewe mbele ya wote, na litakuwa jina la mtu aliyeyaandika vizuri akaja asubuhi kuyakataa… na Nthiwa amefika ukurasa wa mwisho, amefunga kitabu, ananiangalia kama mtu wa upande wake, na Pasta anasema, "Mama, tunakungoja," na mimi nashika benchi la mbele kwa mikono miwili ili magoti yakubali.